Kabla ya Kusema "Nitabaki Shari"

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya hutuuliza sisi wa zamani swali moja: maisha ya Shari yanafaa? Nasi tunawajibu kwa mazoea. Anayekipenda chuo anasifu hewa safi na utulivu. Aliyechoka anahesabu siku zisizo na umeme. Majibu yote mawili hayamsaidii muulizaji, maana yanaeleza Shari bila kuuliza yeye ni nani.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Nilimshawishi mwenzangu wa mwaka wa kwanza apange chumba karibu na chuo badala ya kukaa mjini Bunia. Alinizidi akili. Lakini alikuwa mtoto wa kwanza kwao, na wadogo zake walisomeshwa na biashara yake ndogo ya jioni sokoni. Kwenda Bunia na kurudi ni pesa ya pikipiki kila siku, na katika Ituri hii, iliyo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, hakuna anayependa kukutwa njiani usiku. Biashara ikafa, deni la minervali likapanda, akaondoka kabla ya mitihani. Masomo hayakumshinda. Mahali ndipo palipomshinda, na mimi ndiye niliyempeleka.

Basi swali la kwanza ni hili: jioni zako ni za nani? Kama kuna watu wanaokula kwa jasho lako, kaa mjini, wala usione haya.

La pili: unaweza kuishi ukijulikana? Hapa asistenti anajua nani hakufika, na mama anayeuza makaa anajua nani hajalipa. Wapo wanaosimama imara kwa kuangaliwa hivyo, na wapo wanaokosa pumzi. Wazazi wengi hudhani utulivu wa shamba huleta bidii. Hapana. Mvivu wa mjini akiletwa Shari huwa mvivu mwenye usingizi wa kutosha.

La tatu linatuhusu sisi wa lugha. Kwa vitabu na intaneti hatushindani na Kisangani, yenye chuo kikuu tangu 1963, wala na Makerere ya Kampala, iliyoanza 1922. Anayehitaji maktaba kubwa aende huko. Lakini tazama benchi letu. Mmoja anasema Kialur, lugha ya Kiniloti. Wa pili Kilugbara, ya Sudani ya Kati. Wa tatu Kibira, ya Kibantu. Familia za lugha ambazo wengine huzisoma kwenye mchoro, hapa zinakuazima chumvi.

Tena kuna jambo ambalo redio haikutufundisha. Aliyesikia tu habari za vita vya 1999 hadi 2003 atadhani kila upande ulikuwa na lugha yake. Kumbe Wahema wa kusini wanasema Kihema, cha Kibantu, lakini wa kaskazini, Wagegere, wanasema Kilendu, lugha ileile ya Walendu. Jambo hilo unaweza kulisoma popote. Ila kulisikia kwa wenzako wawili, mmoja wa kila upande, wakisahihishana neno la bibi zao wakati wa kazi ya kikundi, kunahitaji darasa dogo. Katika chuo kikubwa unaweza kumaliza miaka mitatu ukikaa na watu wa kwenu tu. Hapa huna pa kujitenga. Sidai kwamba benchi moja linaponya vita. Nadai kwamba mwanafunzi wa lugha anayekwepa benchi hilo anakwepa somo lake.

Mimi nimebaki kwa ajili ya hilo, na jioni zangu ni zangu. Mwenzangu hakuwa na bahati hiyo.

Ombi langu kwa walimu wetu: kabla ya kuandikisha wapya, tuwape siku moja ya kusikia gharama za kweli, yaani pikipiki, makaa, uniti za simu na kodi ya chumba, kutoka kwa wanafunzi wanaozilipa. Huenda tukapoteza majina machache kwenye orodha ya Oktoba. Afadhali hivyo kuliko kuyafuta Machi.