Usiingilie WordPress kwa Mlango wa Nyuma

Hoja iliyochapishwa karibuni, kwamba tovuti ndogo kama ya matangazo ya kata ya Bomani, Tarime, itumie skripti ya PHP inayosoma moja kwa moja majedwali ya WordPress ndani ya MySQL, inavutia kwa ufupi wake tu. Jedwali la wp_posts halihifadhi makala zilizochapishwa peke yake. Rasimu, matoleo ya zamani, hata vipengele vya menyu vimo humohumo, vikitofautishwa kwa safu za hali na aina. Skripti ikisahau kuchuja, tangazo la viwanja ambalo mtendaji hajaliidhinisha litasomwa na wananchi. Nani atajibu hapo?

Mwenzangu aliyeitoa hoja hiyo anadai njia rasmi za WordPress ni nzito kwa seva ndogo. Kweli, kiolesura cha REST, kilichokamilishwa katika toleo la 4.7 la Desemba 2016, hupitia mtandao. Lakini skripti iliyo kwenye seva hiyohiyo ya Linux haiuhitaji: inapakia wp-load.php na kutumia WP_Query, ambayo kwa kawaida huwaletea wageni yaliyochapishwa tu. Anayeshabikia muunganisho wa moja kwa moja akumbuke pia Desemba 2015, PHP 7.0 ilipoiondoa kabisa mysql_connect, njia ya zamani ya kuunganisha skripti na MySQL. Kila skripti iliyoitegemea ilikufa seva iliposasishwa. Kwa takwimu nyingi za mkupuo, sawa, soma majedwali, ila kwa akaunti yenye ruhusa ya SELECT pekee. Anayetaka zaidi ya hapo aeleze kwanza nani ataitunza skripti hiyo mwandishi wake akihamishiwa Mugumu.