Reli ya Tazara na nadharia zisizosimama Ifakara

Mkataba uliotiwa saini Septemba 2025, unaoipa kampuni ya China ya CCECC jukumu la kuikarabati na kuiendesha reli ya Tazara kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa takriban dola za Marekani bilioni 1.4, umeelezwa na wachambuzi wengi wa Magharibi kwa lugha iliyozoeleka: China imesogeza kete, na Marekani pamoja na washirika wake wanajibu kwa reli ya Lobito inayopita Angola. Katika hesabu hiyo, Tanzania na Zambia ni ubao tu wa kuchezea.

Mtazamo huo una mizizi vyuoni. Kenneth Waltz, Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1979 kingali kinafundishwa, alishikilia kuwa nadharia ya siasa za kimataifa hujengwa kwa kuyatazama mataifa makubwa. Mwaka 2007 Amitav Acharya na Barry Buzan waliuliza kwa nini hakuna nadharia ya uhusiano wa kimataifa iliyotoka nje ya Magharibi. Swali hilo ni la haki, ingawa laweza kumfanya msomaji adhani kuwa huku hakukuwa na fikra. Zilikuwepo, na Bonde la Kilombero ni mahali pazuri pa kuzitafuta.

Mwaka 1964 Benki ya Dunia iliona kuwa reli ya kuiunganisha Zambia na Dar es Salaam isingelipa. Mwalimu Julius Nyerere na Rais Kenneth Kaunda walikuwa na hesabu nyingine, kwa kuwa shaba ya Zambia ilitegemea njia zilizoshikwa na walowezi wa Rhodesia na Wareno. Novemba 1965 walowezi hao walijitangazia uhuru, na mwezi uliofuata Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Mapema mwaka huohuo, Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya kuwepo kwa Ujerumani Mashariki nchini, Nyerere aliitaka iondoe na misaada mingineyo. Nadharia isemayo kuwa mnyonge hana budi kumfuata mwenye nguvu haina maelezo ya kutosha kwa mwenendo huo.

China ilikubali kujenga mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Reli yenye urefu wa kilometa 1,860 ilikamilika mwaka 1975, ikipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba kabla ya kuupanda mlima kuelekea Makambako.

Lakini bonde hilo halikuwa la China. Mwaka huohuo wa 1975 bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha umeme, kwa fedha za Sweden na za Benki ya Dunia ileile iliyoikataa reli. Ifakara kwenyewe, Waswisi walikuwa wakitafiti magonjwa ya kitropiki tangu mwaka 1957, na kituo chao ndicho kilichozaa Taasisi ya Afya Ifakara. Kutofungamana na upande wowote, ambako wengi hukudhani kuwa maneno ya mikutanoni, hapa kulikuwa mtambo, maabara na stesheni.

Wananchi nao walikuwa na tafsiri yao. Mwanahistoria Jamie Monson, ambaye kitabu chake kuhusu Tazara kilitoka mwaka 2009, ameeleza jinsi wanavijiji waishio kando ya reli walivyoandika barua kwa uongozi wa wilaya mwaka 2000, wakipinga mpango wa kufunga stesheni ndogo. Kwao treni ya kawaida, inayobeba mpunga, ndizi na abiria, ilikuwa ndiyo maana ya reli hiyo kujengwa. Waliichukua ahadi ya viongozi wao kuwa deni. Ni vigumu kuona kwa nini hoja hiyo ihesabiwe malalamiko tu, huku ya Waltz ikiitwa nadharia.

Leo reli inafufuliwa hasa kwa ajili ya madini, na mwendeshaji anayelipwa kwa tani za shaba hana sababu kubwa ya kusimamisha treni kwa magunia machache ya mchele. Si Beijing wala Washington itakayoliuliza hilo. Tazara ni mali ya Tanzania na Zambia kwa hisa sawa, hivyo kulinda treni ya kawaida kwa miaka hiyo 30 ni kazi ya Dar es Salaam na Lusaka.