Mti wa Chumbani Umesingiziwa Vya Kutosha

Katika nyumba nyingi za mjini, giza likiingia, ua lililoshinda mezani mchana kutwa hubebwa na chungu chake na kuwekwa barazani. Anayelibeba hana ugomvi nalo. Ameshaonywa na shangazi: "Mwanangu, usilale na mti chumbani, utakunyonya hewa." Kauli hiyo hutolewa kwa uhakika mkubwa hivi kwamba hakuna anayethubutu kuuliza: hewa kiasi gani?

Jibu lipo, na linaiaibisha imani nzima. Mtu mzima aliyetulia hutumia takriban robo lita ya oksijeni kwa dakika. Kwa saa nane ni kama lita 120. Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye dari la mita tatu, kina lita 27,000 za hewa, na zaidi ya lita 5,600 kati ya hizo ni oksijeni. Ua la kawaida la chunguni halimalizi hata lita moja usiku kucha.

Kama kosa ni kuvuta oksijeni usiku, basi wa kwanza kutolewa nje ni mume, watoto wafuate.

Hewa ya ukaa nayo hesabu yake ni hiyo hiyo. Katika hewa ya nje haifiki hata asilimia 0.05, lakini katika pumzi anayoitoa binadamu hufika karibu asilimia 4. Anayekerwa na hewa nzito chumbani asubuhi amelala na aliyeichafua, na si ajabu ni yeye mwenyewe.

Woga huu una asili ya kisomi. Mwaka 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, alichapisha Uingereza majaribio yaliyoonyesha kuwa majani hutoa hewa njema yakipata mwanga, na gizani huichafua. Ingenhousz mwenyewe aliona kuwa uchafu huo wa usiku ni kidogo mno ukilinganishwa na faida ya mchana. Watu walishika nusu ya kwanza ya habari, ya pili wakaiacha. Zipo hospitali za Uingereza ambako wauguzi walikuwa wakitoa maua wodini kila usiku kwa hofu hiyo hiyo.

Huku kwetu hofu hiyo ilikuta shamba limeshalimwa. Wazee walikwisha kuonya juu ya kulala chini ya mbuyu au mkwaju kwa sababu una wenyewe. Jini alipoanza kuonewa haya, hewa ya ukaa ilikalia kiti chake, na somo la shuleni likaipa muhuri: mchana mmea hutoa oksijeni, usiku hutoa hewa ya ukaa. Wengi hutoka darasani wakidhani mmea hubadilika tabia jua likizama. Ukweli ni kwamba mmea hupumua saa zote ishirini na nne. Mchana usanisinuru huzidi upumuaji huo, basi. Tena mshubiri, mkonge na nanasi hufungua vitundu vya majani yao usiku ili kuingiza hewa ya ukaa, kwa kuwa ikivifungua juani hupoteza maji mengi.

Anayetaka ushahidi wa macho apande Kilimanjaro. Katika kihamba cha Mchagga, migomba imeizunguka nyumba, mibuni iko chini ya migomba, na miti mirefu ya kivuli iko juu ya vyote. Jani la mgomba hugusa dirisha la chumba cha kulala. Familia zimelala katikati ya msitu huo wa nyumbani vizazi na vizazi, na asubuhi zimeamka kwenda kuchuma kahawa.

Wapo pia walioruka upande wa pili, wanaouza maua kwa maneno kwamba yatasafisha hewa ya nyumba. Hao hutegemea utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanyika ndani ya visanduku vidogo vilivyozibwa. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia tafiti za aina hiyo na kukuta kwamba ili mimea ifanye kazi inayofanywa na mzunguko wa kawaida wa hewa ndani ya jengo, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Kitanda kingekosa pa kukaa. Ua halisafishi chumba, na wala haliui mtu.

Chumbani kinaua kitu kingine, nacho huingizwa kwa mikono miwili. Jioni ya Julai, Makete au Njombe, jiko la mkaa huwashwa uani. Moshi ukishakatika na mkaa ukashika wekundu, hubebwa hadi ndani, mlango hufungwa, na khanga kuukuu husukumwa chini yake kuzuia baridi. Kwa macho, jiko limeshakuwa salama. Kumbe mkaa unaoungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Aliye macho ataumwa kichwa na kushikwa na kichefuchefu. Aliyelala hana wa kumwamsha, na kesho yake hawakosekani msibani wa kunong'ona kwamba pana mkono wa mtu.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania unalenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Hata ukitimia, mkaa utabaki katika nyumba nyingi kwa miaka kadhaa. Mwalimu anayefundisha upumuaji wa mimea angeweza kuongeza dakika kumi tu: wanafunzi wapime vyumba wanavyolala, wakokotoe oksijeni iliyomo, kisha waelezwe jiko hufanya nini mlango ukishafungwa. Somo hilo halihitaji maabara wala bajeti, na shangazi angelipata jioni hiyo hiyo kutoka kwa mtoto wa darasa la sita.