Njia Imefungwa: Tuambiwe Mapema, Tena kwa Kiswahili



Tarehe 9 Aprili 2024, mkesha wa Idi, basi lililotoka Wajir kwenda Nairobi lilisombwa na maji kaunti ya Tana River. Abiria 51 waliokolewa, alhamdulillah. Kabla mwezi haujaisha, boti iliyokuwa ikivusha watu pale Madogo ikazama, na hapo wenzetu walifariki. Allah awarehemu.

Kumlaumu dereva ni rahisi. Lakini abiria anayekata tiketi Wajir au Lamu aulizie wapi kama njia yapitika? KeNHA hutangaza, hatukatai. Ila matangazo yako X na Facebook, mara nyingi kwa Kiingereza. Mama aliye Mwembe Tayari na kabambe yake yatamfikiaje?

Kutazama mawingu nako hakutoshi. Mto Tana huteremsha maji kutoka milimani. Mabwawa ya juu kama Masinga yakifurika, jua laweza kuwaka Madogo na barabara iko chini ya maji.

Vijana, hii si fadhila ya serikali. Kifungu cha 35 cha Katiba chailazimu kutangaza habari muhimu zinazogusa taifa. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili, bila kulipia ombi lenyewe. Habari ikihusu uhai wa mtu, afisa ana saa 48 kukujibu.

Saa 48 kwa mtu ambaye ashapanda basi ni bure, twajua. Ndiyo maana ombi liandikwe sasa, mvua haijaanza: nani atatangaza, redio gani, kwa lugha gani, na kizuizi kitawekwa wapi ili gari ligeuzwe kabla ya kufika majini? Barabara kuu waulizeni KeNHA. Za vijijini, KeRRA au kaunti. Tangazo likija kwa Kiswahili, hata imamu atalisoma baada ya swala.

Nasi tuache kusambaza video za mafuriko ya 2023 kana kwamba ni za leo asubuhi. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuthibitisha khabari. Ujumbe usio na tarehe wala jina la mahali, usiupitishe. Kukiwa na dharura, Msalaba Mwekundu ni 1199, simu ya bure.

Ukishatuma ombi lako, tuletee nakala inbox. Tutafuatilia majibu pamoja, inshaallah.