Theluji Nayo Ni Somo Letu

Kuna hoja inayorudiwa sana miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili, nayo ni kwamba Kiswahili kinachofundishwa Pajulu kishughulikie mambo ya Pajulu tu: soko, mihogo, mvua, bodaboda na mpaka wa Kongo. Theluji, wanasema wenzangu, ni ya Wazungu, basi waachiwe wenyewe na Kiingereza chao. Hata insha inayotaja theluji huchekwa kabla haijasomwa. Mimi naipinga hoja hiyo. Nasema kwamba kufundisha namna ya kuishi katika theluji nzito, kwa Kiswahili rahisi, ni kazi inayotuhusu sisi kuliko wengi, na kuikwepa kwetu kuna gharama ya maisha ya watu.

Tuanze na majirani zetu. West Nile imewapokea wakimbizi kwa miaka mingi. Wako Rhino Camp, wako Imvepi, wako Bidibidi kule Yumbe, na kule Lobule katika Koboko wako Wakongo. Kiswahili ndicho baadhi yao wanachozungumza sokoni na watu wanaokutana nao. Katika miaka hii baadhi ya wakimbizi walioko Uganda wamechukuliwa kwenda kuishi Marekani, Kanada, Norwe, Uswidi na Finland. Mtu anaondoka mahali ambapo jua la Februari linachoma udongo, na baada ya safari ya siku mbili anashuka mahali ambapo Februari ni mwezi wa theluji hadi magotini.

Mwenzangu atanijibu kwamba mlango umefungwa, kwani Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi Januari 2025. Ni kweli. Lakini waliokwisha kwenda wako huko, na majira ya baridi hurudi kila mwaka bila kuuliza sera ya rais. Nao wanapiga simu nyumbani. Mtu akikwama katika jambo asilolijua, wa kwanza kumuuliza ni ndugu yake kwa lugha wanayoelewana. Ndugu huyo yuko hapa. Je, ana la kumwambia?

Desemba 2022, siku chache kabla ya Krismasi na wakati wa sikukuu yenyewe, dhoruba ya theluji ilipiga mji wa Buffalo, jimbo la New York, mji ambao Wakongo wengi wamehamia. Theluji ilizidi mita moja, na upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba mtu hakuweza kuona mbele yake. Katika mji huo na kaunti yake walikufa watu zaidi ya 40. Wengine walikufa ndani ya magari yaliyokwama, wengine barabarani, wengine ndani ya nyumba zilizokosa joto. Mmoja wa waliokufa alikuwa kijana mkimbizi kutoka Kongo aliyetoka nje kutafuta mahitaji. Simlaumu marehemu, kwani wenyeji waliozaliwa katika theluji walikufa siku zilezile. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye lugha yangu alikufa katika jambo ambalo sisi tunaliita mzaha.

Kuna mfano unaotugusa zaidi, kwa sababu unahusu makaa. Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme katika eneo la Seattle, na baridi ikaingia. Familia nyingi za wahamiaji, wakiwemo Waafrika, ziliingiza majiko ya mkaa ndani ili kupika na kuota moto. Watu zaidi ya 200 walitibiwa kwa sumu ya hewa, na wengine walikufa. Gazeti la Seattle Times lilifikia hatua ya kuchapisha onyo katika ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa za wahamiaji. Februari 2021 baridi kali isiyo ya kawaida iliangusha umeme wa Texas, na katika mji wa Houston watu wa familia moja yenye asili ya Ethiopia walikufa baada ya gari kuachwa likiunguruma katika gereji ya nyumba ili watu wapate joto.

Tazameni kilichowaua watu hawa. Theluji na baridi viliwaingiza ndani, kisha moto ukawamaliza. Mkaa unapowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na mtu husikia kichwa kikimuuma, halafu usingizi, halafu haamki. Sisi watu wa Arua tunajua kuwasha mkaa kuliko mtu yeyote wa Seattle, na ujuzi huo ndio unaogeuka kuwa mtego. Nyumba nyingi za kwetu zina upenyo kati ya ukuta na paa, na upepo hupita humo. Nyumba ya nchi ya baridi imezibwa kila tundu ili joto lisitoke, kwa hiyo na sumu haitoki. Jiko lilelile, mkaa uleule, na mama yuleyule mwenye uangalifu, lakini nyumba ni nyingine.

Wala nyumba hiyo haiko Marekani peke yake. Hapa Pajulu zinajengwa nyumba za matofali zenye dari na madirisha ya vioo, na usiku wa mvua kubwa kuna watu wanaoingiza jiko chumbani na kufunga dirisha. Kwa hiyo somo la theluji, ukilifuata hadi mwisho, linarudi kubisha hodi mlangoni kwetu.

Sasa nigeukie darasa letu. Tunafundishwa kwamba majira ya baridi huitwa kipupwe, na jambo linaishia hapo. Kipupwe cha pwani ni wakati mzuri: joto hupungua, upepo hupoa, watu hulala vizuri. Tena huangukia katikati ya mwaka, Juni hadi Agosti, wakati Kanada wako katika joto lao. Mtu akiambiwa kwamba anakwenda kukuta kipupwe, atafunga sweta moja. Tafsiri hiyo inaweza kupata alama katika mtihani, lakini inampeleka msafiri kwenye hatari akiwa amevaa viatu vya wazi.

Wapo wanaosema Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Huo ni uvivu. Theluji tunalo, limetoka Kiarabu. Barafu tunalo, limetoka Kiajemi. Waswahili wa pwani hawakungoja theluji ianguke Mombasa ndipo watafute jina. Mwaka 1848, mmisionari Rebmann alipoona weupe juu ya Kilimanjaro na kumuuliza kiongozi wake ni kitu gani, aliambiwa kwamba ni baridi. Wasomi wa London walimcheka Rebmann kwa kudai kuna theluji karibu na ikweta, na aliyekuwa sahihi ni yule mtu wa safari aliyetumia neno alilokuwa nalo. Hata Uganda hii yetu ina theluji yake Rwenzori, na Wakonzo wana jina lake, nzururu.

Basi maneno yapo, na pale yasipokuwepo maelezo yapo. Sema hivi: vaa nguo kadhaa nyembamba, moja juu ya nyingine, kwa sababu hewa iliyonaswa kati yake ndiyo inayotunza joto. Nguo ikilowa, ibadilishe upesi. Funika kichwa, masikio na vidole. Kidole kikifa ganzi na kubadilika rangi, ingia ndani na usikisugue. Barabara inayong'aa kama imelowa huenda imeganda barafu, kwa hiyo piga hatua fupi, kama unavyopita kwenye udongo mwekundu wa Pajulu baada ya mvua. Ukitangazwa usitoke, usitoke. Weka ndani chakula cha siku kadhaa mapema. Gari likikwama, baki ndani yake, ondoa theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, na uiwashe kwa dakika chache tu huku dirisha likiwa wazi kidogo. Ukizoa theluji kwa beleshi, chota kidogo kidogo na upumzike, kwani ni kazi nzito kwa moyo. Na mkaa, hata umeme ukikatika siku tatu, usiuwashe ndani kamwe. Hapo nimetumia neno gani lisiloeleweka sokoni Arua?

Hoja ya mwisho ni ya wale wanaosema Kiingereza kinatosha, kwa kuwa maonyo yote ya huko hutolewa kwa Kiingereza. Kinawatosha wao waliokisoma. Bibi aliyelelewa Ituri na kuzeekea Lobule hakisomi, na ndiye atakayebaki nyumbani na wajukuu siku umeme utakapokatika. Katiba yetu ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule. Lugha rasmi isiyoweza kumwonya bibi huyo ina urasmi gani? Tumelalamika miaka mingi kwamba Waganda wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya askari na ya kuamrishia watu. Dawa ya lalamiko hilo ni kukitumia kuwasaidia watu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu jambo moja. Badala ya kutupa kila mwaka insha ileile ya faida za maji, tupeni kazi ya kuandika kijitabu cha kurasa chache kuhusu maisha katika baridi na theluji, kisha kisomwe mbele ya watu wa Lobule na Rhino Camp, nao watuambie wapi hawakuelewa. Na ninyi wanafunzi wenzangu, mnaposikia neno theluji darasani, msicheke. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na Desemba nyingine haiko mbali.