Waya wa tangi si waya wa taa

MWAKA 2024, foleni za petroli zilipokuwa zikilala barabarani Bujumbura, wenye vituo walihitaji kujua hasa wamebakiwa na lita ngapi. Kijiti cha kupimia kina kazi yake, lakini kitambuzi kinachokaa ndani ya tangi na kutuma hesabu ofisini ni bora zaidi, tena kipo cha kutoa tahadhari tangi linapovuja. Hilo hatulipingi. Tunachohoji ni nani anavuta nyaya zake, na kwa namna gani.

Miongoni mwa ndugu zetu waliorejea kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta wamo mafundi umeme hodari. Lakini kufunga taa nyumbani ni kazi moja, na kufunga waya kwenye tangi la petroli ni nyingine kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Hulala mashimoni, na husafiri ndani ya bomba la nyaya hadi ofisini kwa karani. Ukifikia kama asilimia moja na nusu tu ya hewa, cheche ndogo yatosha kuuwasha. Wala tangi lililokauka si salama, kwani petroli ikipungua nafasi yake hushikwa na mvuke na hewa.

Ndiyo maana kitambuzi hupewa umeme mdogo mno, kupitia kizuizi cha usalama kinachofungwa ofisini, mbali na mvuke. Kizuizi hicho hakina faida iwapo fundi, kwa kubana gharama, atapitisha waya huo katika bomba moja na nyaya za pampu. Zikichubuka na kugusana, umeme wa volti 220 waweza kufika tangini. Waya wa kitambuzi uwe na bomba lake, lizibwe mvuke usipite, na viungo vya shimoni vikingwe maji kwa vifuniko maalumu, si utepe. Maji yakiingia kengele hulia ovyo, mwenye kituo huizima, na siku tangi likivuja kweli hakuna ajuaye. Kabla ya yote, umeme ukatwe, swichi ifungwe kwa kufuli, mvuke upimwe kwa kifaa.

Wanaovuka Gatumba kwenda Uvira hawajasahau Sange, ambako Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na zaidi ya watu 200 wakateketea. Lile lilikuwa lori la kupita. Tangi la kituo halipiti. Lipo hapo usiku na mchana, na vibanda vya akina mama viko jirani.

Wafanyabiashara wanaoleta vifaa hivi kutoka Dar es Salaam na Kampala wasiuze kitambuzi bila kizuizi chake, hata mteja akiomba apunguziwe bei. Fundi asiyefundishwa kazi hii aikatae. Nao wakaguzi wa serikali wasiishie kuangalia leseni ukutani. Wafunue shimo la tangi, waone waya umepita wapi.