Binti Aliyeandaliwa Apewe Kazi

Katika miaka ya karibuni mikoa ya Shinyanga na Geita imeshuhudia juhudi nyingi za kuwaandaa wasichana wawe viongozi wa shughuli za maendeleo mahali wanapoishi. Mabinti hukusanywa katika vikundi, hupewa dada wakubwa wa kuwalea na kuwashauri, hufundishwa kuweka akiba, kutunza daftari la hesabu na kusimama mbele ya watu wakasema. Juhudi hizo ni njema na zinastahili pongezi. Lakini liko swali moja ambalo watumishi wa serikali na walimu hawana budi kulijibu: mafunzo yakiisha na mwenye mradi akiondoka, binti huyo anakabidhiwa kazi gani katika kijiji chake?

Swali hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoani Shinyanga, katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, wanawake 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Kiwango hicho kiliongoza nchi nzima. Sababu zake zinafahamika. Mahari ya ng'ombe ni mali, na kaya iliyovuna vibaya hushawishika kumtazama binti kama njia ya kujaza zizi. Huko kwenye dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, umekuwako ushawishi wa namna nyingine: fedha ya haraka. Msichana aliyeacha shule hupika mama lishe, huponda mawe, huosha mchanga mwaloni, na mara nyingi hushika zebaki kwa mikono mitupu. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza habari za watoto, wengine wa miaka minane tu, waliokuwa wakifanya kazi katika machimbo madogo ya Geita, Kahama na Chunya.

Kwa hiyo kumwandaa binti wa maeneo haya ni kumkinga na hatari zinazoonekana kwa macho. Tena ushahidi upo kwamba kijana wa kike aliyeandaliwa vizuri anaweza kufanya makubwa. Shirika la CAMFED, lililoanza kazi nchini mwaka 2005, limewatumia wasichana waliomaliza sekondari kwa msaada wake warudi shuleni kuwashauri wadogo zao, na kumfuata nyumbani mtoto aliyeanza kutoroka masomo. Wakifanya kazi hiyo ya kujitolea, hupata nafasi ya kukopa fedha bila riba ili waanzishe biashara zao.

Mfano mwingine ni Rebeca Gyumi, mwanasheria ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa mtangazaji katika vipindi vya vijana vya shirika la Femina. Yeye ndiye aliyefungua shauri dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuozwa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria; mwaka huo ulipita pasipo marekebisho. Hapo lipo funzo: binti alitimiza wajibu wake, lakini vyombo vilivyopaswa kulipokea jambo lake vilichelewa. Yanayotokea katika ngazi ya taifa hutokea pia katika ngazi ya kijiji.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni hakai milele. Mpango wa DREAMS, uliotangazwa na serikali ya Marekani mwaka 2014 kwa ajili ya kuwakinga wasichana na maambukizi ya virusi vya UKIMWI, ulifika Kahama na kuwakusanya mabinti walio nje ya shule katika vikundi vya kujifunza na kuweka akiba. Januari 2025 serikali hiyo hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja. Kazi ya miaka mingi isiwe ya kusimama au kuanguka kwa amri inayotolewa ng'ambo. Mahali ambapo kikundi kimekabidhiwa kwa kijiji na halmashauri, kuondoka kwa mgeni ni hasara inayovumilika. Mahali ambapo kikundi kilijulikana kwa mgeni peke yake, daftari hufungwa na wanachama wakatawanyika.

Shinyanga yenyewe inalo somo la kujivunia juu ya jambo hili. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati ardhi ya mkoa ilikuwa imegeuka jangwa machoni pa wengi. Mradi haukuwaletea Wasukuma jambo geni. Uliifufua desturi yao ya ngitili, yaani kutenga malisho na miti kwa ajili ya kiangazi. Maelfu ya hekta yalirudishiwa uoto, na mwaka 2002 mradi ukatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Miti ilisimama kwa sababu ngitili ilikuwa na mwenyewe: kaya au kijiji. Kazi ya mabinti nayo inahitaji kuwa na mwenyewe.

Nini basi kifanyike? Kwanza, serikali za vijiji ziwape nafasi za kweli. Sheria inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Zipo pia kamati za shule, za maji, na za ulinzi wa wanawake na watoto. Ni kosa kuzijaza kwa majina yale yale kila mwaka, ilhali yupo binti aliyefundishwa kuandika muhtasari na kutunza fedha.

Pili, halmashauri ziutumie vema utaratibu wa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake na asilimia 4 ya vijana. Afisa maendeleo ya jamii asingoje ofisini kuletewa katiba ya kikundi iliyokamilika. Akiende kikundi, akisaidie kuiandika.

Tatu, walimu watambue kwamba wao ndio walezi wa kwanza. Tangu Novemba 2021 serikali imefungua mlango kwa mwanafunzi aliyejifungua kurudi katika shule ya kawaida. Mlango huo hauna maana ikiwa binti akirudi anapokewa kwa vijembe. Dada wa kijijini aliyepitia mafunzo akaribishwe shuleni amsindikize mwenzake.

Nne, machimboni nako wasiachwe kwenye karai na nyundo. Vituo vya mfano vya Lwamgasa na Katente vilijengwa ili kuwafundisha wachimbaji wadogo uchenjuaji bora usiotegemea zebaki. Vikundi vya wanawake vijana vipelekwe huko, kisha visaidiwe kuomba leseni ya uchimbaji mdogo na kuuza katika soko rasmi la dhahabu, kama lile lililofunguliwa Geita mwezi Machi 2019.

Watakuwapo watakaosema kwamba ni kazi bure kumwekea binti matumaini, kwa kuwa kesho ataolewa na kuhamia kwa mume. Hoja hiyo isidharauliwe, maana ni kweli kwamba wengi huhama. Lakini mwalimu akihamishwa, barua yake humtangulia katika kituo kipya, na hakuna asemaye kwamba elimu yake imepotea. Ofisi ya kata iweke daftari la mabinti waliopata mafunzo, likitaja jina na ujuzi wa kila mmoja. Naye akihama, apewe barua ya kumtambulisha kwa mtendaji wa kata anakokwenda. Gharama yake ni karatasi na wino. Faida yake ni kwamba kijiji kimoja hakitapoteza kiongozi ila kingine kitampata.

Cheti kilichotundikwa ukutani hakichimbi kisima wala hakimrudishi mtoto darasani. Mtendaji wa kijiji, afisa wa kata na mwalimu mkuu ndio wenye uwezo wa kukigeuza cheti hicho kuwa kazi, na uwezo huo hausubiri mfadhili. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Mkutano ujao na uulize: mabinti wetu walioandaliwa wako wapi, na tumewapa kazi gani?